Kuumba Pasipo Kitu: Tende Mbili za Imam Ghazali



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi mliokuja kutusikiliza. Seremala hodari vipi, hatengenezi kitanda bila mbao. Sisi tukisema tumeunda kitu, tumegeuza tu kilichokuwako. Allah Subhanahu wa Taala ameumba pasipo mbao wala kitu chochote. Basi vijana wetu huulizwa huko vyuoni: ikiwa ulimwengu ulianza, kwa nini uanze wakati ule, usianze kabla?

Swali hili ni la zamani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, hakumkanusha Muumba hata kidogo. Yeye alisema ulimwengu hauna mwanzo wa wakati, lakini wamtegemea Allah daima, tuseme kama mwanga unavyolitegemea jua.

Yapendeza kusikia, si ndiyo? Lakini hebu fikiri. Jua halichagui kung'aa. Wewe ukiinua mikono usiku wa Laylatul Qadr wamuomba nani, kama si Mwenye kutaka na kuchagua?

Hapo ndipo Imam Ghazali alipoingia na kitabu chake cha mwaka 1095. Alitoa mfano unaotufaa sana mwezi huu. Mtu ana hamu, mbele yake tende mbili zilizo sawa kabisa, na hawezi kuchukua zote. Je, atabaki anazitazama tu? Atachukua moja! Kazi ya irada ni hiyo, kutenga kitu na mwenzake hata vikiwa sawa. Allah alitaka ulimwengu uanze, ukaanza, na wakati wenyewe ukaumbwa pamoja nao. Hiyo "kabla" haiko.

Mimi niko na Ghazali. Lakini alipowakufurisha wanafalsafa kwa suala hili, Ibn Rushd, kadhi wa Cordoba aliyefariki 1198, alikataa. Alisema hakuna ijmaa hapa, akakumbusha Arshi juu ya maji katika Surat Hud, aya ya 7, na mbingu iliyokuwa moshi katika Fussilat, aya ya 11. (Wanazuoni wengi hujibu kuwa maji na moshi navyo viliumbwa.) Hata zile tende hakuziacha: mtu yule, asema, hakuchagua kati ya tende na tende, alichagua kula badala ya kukaa na njaa.

Na kitabu chake cha kujibu alikipanga hivi: anaandika kwanza maneno ya Ghazali, sehemu kwa sehemu, kisha ndipo anajibu.