Mgeni wa Siku ya Tatu: Ibn Battuta, Wasafiri wa Pwani na Ukweli wa Simulizi za Safari



Nimechagua kuzungumzia simulizi za safari za kweli, zile ambazo mtu aliondoka kwao, akafika kwa watu asiowajua, akakaa nao, kisha akaeleza. Kwa karne nyingi pwani yetu imeelezwa na wageni wa namna hiyo. Historia tunayofundisha inawategemea sana, na kwa baadhi ya vipindi mashahidi wengine walioandika ni wachache mno. Namna ya kuwasoma wageni hawa, basi, ni jambo linalotuhusu moja kwa moja.

Jibu langu nimelipata katika methali tuliyolelewa nayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunaitaja ili mgeni asiwalemee wenyeji. Mimi naiona pia kuwa kanuni ya elimu. Siku mbili za kwanza mgeni huonyeshwa. Siku ya tatu, akiingia shambani pamoja na wenyeji wake, ndipo huanza kujua. Nitaipima kanuni hii kwa msafiri mashuhuri aliyepita kwetu, kisha kwa wasafiri wetu wenyewe.

Usiku mmoja Mombasa

Muhammad ibn Battuta alizaliwa Tanja, Moroko, mwaka 1304. Mwaka 1325 aliondoka kwao kwenda kuhiji, akiwa kijana wa miaka 21, na safari hiyo ikamchukua hadi Uajemi, Bara Hindi na China. Mwaka 1331, kwa hesabu inayokubaliwa na wengi, alipanda chombo Aden akashuka na pwani yetu: Zeila, Mogadishu, Mombasa, Kilwa.

Mogadishu alikuta utaratibu wa kupokea wageni uliokwisha kukomaa. Chombo kilipotia nanga, vijana walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba chakula kilichofunikwa. Kijana aliyemkabidhi mfanyabiashara chakula chake ndiye aliyekuwa mwenyeji wake, na biashara yote ya mgeni ilipitia mkononi mwa mwenyeji huyo. Ibn Battuta hakuwa mfanyabiashara. Wenzake waliposema kwamba yeye ni mtu wa elimu, kadhi mwenyewe alikuja kumpokea pwani. Kwa sababu hiyo mengi anayotueleza ni mambo ya nyumba ya wanazuoni: wali wa samli uliowekewa vitoweo vya nyama, kuku na samaki, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu na pilipili za achari, na tambuu. Bandari ya wachukuzi na madalali, ukiacha utaratibu ule wa kupokea wageni, hatuoni habari zake.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Hata hivyo maelezo yake ya Mombasa ni miongoni mwa yaliyo hai kupita yote. Anasema watu walikula zaidi ndizi na samaki, na nafaka ililetwa kutoka nje ya kisiwa. Anataja zambarau. Kisha anafika misikitini, na hapo kalamu yake inatulia. Misikiti ilijengwa kwa mbao, tena kwa ustadi. Mlangoni palikuwa na kisima kifupi cha dhiraa moja au mbili, na maji yalitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Aliyetaka kuingia aliosha miguu, akaipangusa kwenye kipande cha mkeka mnene, ndipo akaingia. Watu walikwenda miguu mitupu.

Kwa nini mtu wa usiku mmoja aone mpini wa kata na mkeka wa kupangusia miguu? Naamini ni kwa sababu hicho ndicho alichokifanya kwa mikono yake. Alitawadha pale pamoja na watu wa Mombasa. Katika jambo hilo moja alikwisha kuvuka siku mbili za ugeni, na kanuni yetu inaanza kuonyesha nguvu zake: msafiri hukumbuka barabara kile alichoshiriki.

Kilwa, na watu wasiotajwa

Kilwa alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Kisa anachokisimulia ni cha maskini kutoka Yemen aliyemsimamisha sultani akitoka msikitini Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akavua, akampa. Mtoto wa sultani akazikomboa nguo zile kwa yule maskini kwa watumwa kumi, na sultani aliposikia watu wanavyosifu, akamwongezea watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama ushahidi wa ukarimu wa Kilwa. Naomba tukisome tena. Watu ishirini wametolewa siku moja kama zawadi, na hakuna hata mmoja aliyetajwa jina, kabila wala neno alilosema. Ibn Battuta anaeleza vilevile kwamba sultani alikuwa akifanya mashambulizi bara na kuchukua ngawira. Alikuwa mgeni wa mwenye mashambulizi, na akaona hisani yake. Kwa wale waliotekwa hakuwa mgeni. Tusiseme uongo juu yake, aliandika alichokiona, lakini sisi tunaomsoma tuna wajibu wa kuwahesabu watu wale ishirini.

Kuna fumbo jingine. Anasema Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri kupita yote, na kwamba imejengwa kwa miti. Leo mtu akipanda mashua kutoka Kilwa Masoko akashuka Kilwa Kisiwani, anakuta msikiti mkuu wa mawe ya matumbawe wenye makuba, na juu ya genge anakuta magofu ya Husuni Kubwa, kasri ambalo wanaakiolojia wanalihusisha na sultani huyuhuyu, lenye birika la pembe nane lililotazama bahari. Neville Chittick alichimba hapo katika miaka ya 1960, na mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia. Miti na mawe vinapatanaje? Nyumba za watu wengi huenda zilikuwa za miti kweli. Tena kitabu chake kilikamilika Fes mwaka 1355, zaidi ya miaka 20 baada ya safari hii, akisimulia naye Ibn Juzayy akiandika. Kumbukumbu ya ziara fupi haiwezi kubeba mji mzima kwa miaka yote hiyo.

Lakini pale aliposikiliza mwenyeji, alisimama imara. Mfanyabiashara mmoja alimwambia kwamba mji wa Sofala uko mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na kwamba dhahabu hufika Sofala kutoka bara mbali zaidi. Karne kadhaa baadaye, sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, huko bara. Habari ya mtu wa sokoni imethibitishwa na udongo.

Kadhi wa Maldivi

Sasa tumtazame Ibn Battuta alipopewa jembe. Baada ya miaka yake Delhi alifika visiwa vya Maldivi, wakati vikitawaliwa na malkia, Khadija. Huko alifanywa kadhi, akaoa, akakaa miezi mingi. Maandishi yake yanabadilika kabisa. Anaeleza kamba za makumbi ya nazi zinavyotengenezwa, na kwa nini mbao za vyombo zilishonwa kwa kamba hizo: bahari ile ina miamba mingi, chombo cha misumari kikigonga hupasuka, kilichoshonwa hukubali kupindika. Watu wa Lamu waliojua mtepe, chombo cha kushonwa cha pwani yetu, wangemwelewa bila kufafanuliwa.

Anaeleza pia kauri, zilizokuwa fedha ya visiwa vile. Maldivi dinari moja ya dhahabu ilinunua kauri laki nne na pengine zaidi. Miaka mingi baadaye, huko Mali na Gao, Afrika ya Magharibi, aliona kauri zilezile zikienda 1,150 kwa dinari. Kwa tarakimu mbili tu ametuonyesha biashara iliyounganisha Bahari ya Hindi na Afrika ya Magharibi, na ile ya Maldivi hakuipata kwa kupita njia. Kadhi huamua kesi za madeni na mahari, na anayeamua madeni hujua bei.

Jambo ninalomheshimia zaidi ni kwamba anasimulia pia aliposhindwa. Wanawake wa Maldivi hawakufunika sehemu ya juu ya mwili. Kadhi akaamuru wajifunike, na wao wakaendelea na desturi yao. Anakiri kwamba alichoweza ni kutomruhusu mwanamke aingie barazani mwake bila kujisitiri, na zaidi ya hapo hakuwa na uwezo. Hapo wenyeji wanasimama katika kitabu chake wakiwa na nia yao wenyewe. Simulizi ambayo wenyeji hukubali kila kitu, hushangaa kila kitu na kutabasamu tu, naishuku mara moja.

Waliobeba mizigo, walioandika

Wako waliosafiri ambao hawakupewa hata zile siku mbili. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni na kupelekwa Bara Hindi, aliwaongoza wasafiri wa Ulaya Burton na Speke, akasafiri tena na Speke na Grant, kisha na Stanley, kisha na Cameron hadi pwani ya Atlantiki. Wachache katika karne ya 19 walilijua bara hili kwa miguu kama yeye. Hakuacha kitabu chake. Tunamsoma ndani ya vitabu vya aliowaongoza, wakimsifu siku walipofurahi na kumlaumu siku walipokasirika.

Wengine walishika kalamu. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha nchini Ujerumani mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli. Ndani yake yumo Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, aliyefuatana na bwana Mjerumani mwaka 1896 kupita Urusi na Siberia hadi Asia ya Kati, akaeleza kwa Kiswahili nchi ambazo msomaji wa Bagamoyo hakuwahi kuzisikia. Yumo pia Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili na ambaye Desturi za Wasuaheli, iliyochapwa 1903, imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya maandishi yake. Mwaka 1905 alirudi na mke wake Mjerumani, na serikali ya kikoloni ikawazuia kuishi pamoja nchini kwake. Akarejea Ujerumani, na huko akafariki mwaka 1927. Maandishi ya watu hawa yamo katika lugha yetu, lakini wanafunzi wengi wa Kiswahili humaliza shahada bila kuyafungua.

Wajibu wetu

Namalizia kwa maombi matatu, nayaweka mbele ya Baraza la Chuo. Kwanza, Safari za Wasuaheli isomwe katika mwaka wa kwanza wa Idara ya Kiswahili na ya Historia, kwa tahajia ya leo na maelezo ya kutosha. Pili, mwanafunzi tunayempeleka utafitini akae muda wa kutosha kupewa kazi na wenyeji, na taarifa yake isipokewe mpaka aeleze nani alimpokea, alishiriki nini, na nani hakuweza kumfikia.

Tatu, tuanze sasa kukusanya safari za watu wetu walio hai: mabaharia, madereva wa malori wanaokwenda Lubumbashi na Lusaka, wafanyabiashara wa Kariakoo waliokaa Guangzhou, na wanawake waliofanya kazi za nyumbani Maskati na Riyadh. Wanawake hawa wameishi ndani ya nyumba ambazo hakuna mtafiti aliyewahi kuingia. Wanajua zinavyopika, zinavyoomboleza, zinavyolea watoto, na baadhi yao wanajua zinavyomtesa anayezitumikia. Wasimulie kwa Kiswahili chao, kwa ridhaa yao, majina yao yahifadhiwe wakitaka. Tukiwaacha, miaka mia ijayo watabaki kama wale ishirini wa Kilwa, idadi ndani ya kisa cha mtu mwingine. Chuo hiki kina kalamu, wasomi na lugha ya kuzuia hilo, na kazi inaweza kuanza muhula ujao.