Sekunde 24 Mbele ya Shule
Msikilizaji, Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ni ya mwaka 1973, na kilomita 50 kwa saa inazoruhusu kwenye makazi ni nyingi mno mbele ya lango la shule. Gari la mwendo wa 50 hubeba nishati karibu mara tatu ya lile la 30. Mwili wa mtoto hauhimili nishati hiyo. Wapo madereva wanaosema watacheleweshwa mwendo ukishushwa hadi 30. Tupige hesabu: katika mita 500 tofauti ni sekunde 24, muda wa mtoto wa darasa la kwanza kuvuka na begi lake mgongoni. Wengine wanahofia faini za mwendo kasi kugeuzwa mradi wa kukusanya fedha. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana matuta na vivuko vitangulie, tochi za trafiki za kupima mwendo zifuate. Kanuni ibadilishwe: 30 mbele ya kila shule.