Redio ya Dharura Nyumbani: Namna ya Kuichagua Kabla ya Mvua za Vuli

(Mazungumzo kwa wakaazi wa vijiji vya kando ya Mto Tana)

Mazungumzo ya leo yanahusu kifaa kidogo ambacho nyumba nyingi zilikuwa nacho zamani na sasa zimekiacha: redio ya mkononi.

Mto Tana una urefu wa takriban kilomita 1,000. Maji yake hutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, hupitia mabwawa matano ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha hushuka hadi Garissa, Hola na Garsen. Bwawa la Masinga hujaa likifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Likizidi hapo, maji ya ziada humwagika kwenda mabwawa ya chini, nayo yakijaa humwaga kwetu. Ndiyo sababu mafuriko huweza kuingia shambani jua likiwaka, na hapa hapajanyesha hata tone. Mwenye kutazama mawingu peke yake hawezi kujua.

Lakini urefu wa mto pia una faida yake. Maji huchukua siku kadhaa kutoka kwenye mabwawa hadi huku chini, na siku hizo ndizo muda wa kuhamisha wazee, watoto, mbuzi, magunia ya mahindi na vitambulisho. Familia iliyosikia tangazo mapema huondoka mchana kwa miguu. Isiyosikia huondoka usiku kwa mtumbwi. Hatari ya safari kama hiyo inajulikana: mwishoni mwa Aprili 2024 boti la abiria lilizama katika maji ya mafuriko huko Kona Punda, kati ya Madogo na Garissa, na watu wakapoteza maisha.

Wengine watasema simu inatosha. Simu ni nzuri, na iendelee kutumika. Ila mafuriko yakikata stima na barabara, minara ya mtandao nayo huweza kuzimika, na chaji ya simu haimalizi siku mbili. Redio ndogo hukaa siku nyingi kwa betri zilezile, na kituo kimoja kilicho mbali huweza kusikika na vijiji vingi kwa wakati mmoja.

Sasa, ni redio gani ya kununua? Kwanza wakaazi watahadhari na jambo moja. Marekani ina vituo vya serikali vinavyotangaza hali ya hewa saa 24 katika masafa ya 162.400 hadi 162.550 MHz, na kuna redio maalumu ambazo hulia king'ora zenyewe tahadhari inapotolewa. Redio za aina hiyo huletwa na kuuzwa hata nchini, zikiwa na kitufe kilichoandikwa WB au Weather, na bei hupanda kwa sababu ya kitufe hicho. Kenya haina matangazo katika masafa hayo. Hapa kitufe hicho kitatoa mvumo tu. Tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa na matangazo kuhusu mabwawa hutufikia kupitia vituo vya kawaida. Kwa hiyo mnunuzi aangalie mambo manne.

La kwanza ni kushika stesheni. Redio iwe na FM na AM pia. Mawimbi ya FM hayaendi mbali na huzuiwa na vilima, lakini yale ya AM husafiri mbali zaidi, hasa usiku. Kabla ya kununua, mtu aazime redio ya jirani aijaribu nyumbani kwake, asubuhi na usiku, ajue ni vituo gani vinasikika vizuri. Kikiwemo kinachotangaza kwa lugha ya nyumbani, ni bora zaidi, kwa kuwa bibi na babu nao wataelewa bila kutafsiriwa. Dukani, aivute antena hadi mwisho na kuhakikisha haijalegea.

La pili ni nguvu. Redio yenye njia moja tu ya kupata nguvu itazimika siku inayohitajika. Inayofaa hutumia betri zinazopatikana kwenye duka la kijijini, pamoja na njia ya pili kama sola au chaji ya simu. Mkono wa kuzungusha ni msaada wa mwisho. Huwa mwepesi kuvunjika, kwa hiyo mnunuzi auzungushe palepale dukani, na asiutegemee peke yake. Kioo cha sola kilicho juu ya redio ni kidogo na huchaji polepole.

La tatu ni maji. Redio chache huvumilia maji. Iliyoandikwa IPX4 huhimili matone na IPX7 huweza kuzama kwa muda mfupi bila kuharibika, lakini isiyo na alama yoyote ichukuliwe kuwa haiwezi maji kabisa. Dawa yake ni rahisi: ndoo ndogo yenye mfuniko unaofunga vizuri. Humo iwekwe redio, betri za akiba, tochi na vyeti vya familia, na ndoo ikae mahali pa juu.

La nne ni urahisi. Mtoto wa darasa la nne na nyanya wa miaka 70 wote waweze kuiwasha gizani na kutafuta stesheni. Redio yenye vitufe vingi hubaki kuwa ya mtu mmoja, na huyo mtu huenda asiwe nyumbani. Mnunuzi aangalie pia stika ya KEBS na adai risiti.

Ikishanunuliwa, isitupwe kabatini. Betri zitolewe redio isipotumika kwa muda mrefu, kwa maana huvuja na kuila kwa ndani. Ile ya kuchaji ichajiwe kila mwezi. Kipande cha karatasi chenye majina ya vituo na namba za masafa kibandikwe nyuma yake.

Kubwa kuliko yote ni kwamba redio hizi hazitamwamsha mtu. Lazima mtu aisikilize. Msimu wa mvua, yaani Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, kila nyumba ipange zamu ya kusikiliza taarifa ya habari, asubuhi na jioni. Nyumba isiyo na redio iungane na jirani. Mwenye kusikia tahadhari amwambie jirani asiyesikia vizuri masikioni, na atume habari kwa wachungaji walio mbali na mifugo.

Vilevile redio husaidia kupima uvumi. Wakati wa mafuriko sauti nyingi huzunguka kwenye simu, nyingine za miaka iliyopita. Likija neno la kutisha ambalo redio haijalitaja, mkaazi amuulize chifu au mzee wa kijiji kabla ya kulisambaza. Lakini mto ukionekana kupanda, asingoje redio. Ahame kwanza, asikilize baadaye. Kwa msaada wa dharura, Msalaba Mwekundu hupatikana bila malipo kupitia namba 1199, na polisi kupitia 999 au 112.

Mafuriko ya mwisho wa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yaliwakuta wengi wakiwa bado wanafunga mizigo. Vuli inakuja tena. Jioni ya leo kila nyumba iitoe redio yake ilipo, iiwashe, na ijue kama bado inasema. Kama haisemi, soko liko wazi na barabara bado ni kavu.