Ushahidi Huharibikia Mikononi Mwetu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Nimeombwa niseme juu ya kesi za jinai, yaani wizi, kupigwa, kunajisiwa, kuuawa. Mtu akiachiliwa na korti sisi husema polisi wamekula hongo. Mara nyingine ni kweli, sitabisha. Lakini mara nyingine hakimu amemwachilia kwa sababu hakuletewa kitu cha kushika. Na kitu hicho kilipotea hapa hapa kijijini, siku ile ya kwanza, tukiwa tumezunguka tunatazama.

Duka la kikundi likivunjwa usiku, asubuhi tunafanya nini? Kila mtu anaingia. Mmoja anainua kufuli, mwingine anafagia vioo, watoto wanakanyaga pale chini ya dirisha. Polisi akija kutafuta alama za vidole atapata za mweka hazina, za mwenyekiti, na za nusu ya soko. Alama za vidole vya watu wawili hazifanani, hata wakiwa mapacha, lakini kufuli likishikwa na watu kumi zile za mwizi hufutika. Kwa hivyo zungusheni kamba. Wekeni watu wawili walinde. Mvua ikitisha, funikeni nyayo kwa karai. Katibu aandike nani alifika wa kwanza na saa ngapi, vile vile anavyoandika kumbukumbu za mkutano.

Panga la mhalifu usiliokote. Wengine hulifunga kwa leso wakampelekea chifu, wakidhani wamesaidia. Korti itauliza: lilipatikana wapi, nani alilishika, lililala kwa nani kabla ya kufika kwa Mkemia wa Serikali? Kila mkono uliolipokea lazima ujulikane. Ukikosekana mmoja, wakili wa mshtakiwa atasema hilo si panga lile, na ana haki ya kusema hivyo.

Sasa nakuja kwa jambo zito, na akina baba msiangalie chini. Mtoto akinajisiwa, au mama akibakwa, kitu cha kwanza tunachokimbilia ni maji na sabuni. Ni huruma, nani atalaumu? Lakini maji yale huosha kile ambacho kingemtambulisha mhalifu. Asioge, nguo zisifuliwe. Nguo ziwekwe katika bahasha ya khaki au zifungwe kwa gazeti, si kwa nailoni, maana ndani ya nailoni unyevu hubaki, ukungu huota, na DNA huharibika. Kisha hospitali, siku hiyo hiyo. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inafaa ianzwe kabla ya saa 72 kwisha, na mapema zaidi ni bora. Si lazima upitie polisi kwanza ndipo utibiwe. Hospitali ina fomu yake ya kesi za ubakaji, inaitwa PRC, na daktari huijaza pale anapochukua sampuli. Baadaye, mshukiwa akishtakiwa, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inairuhusu korti kuamuru naye atolewe sampuli ili zilinganishwe.

Namjua msichana mmoja, sitasema wa wapi. Wazee walikaa, wakapokea mbuzi watatu, wakasema yamekwisha. Miezi mitatu ikapita kabla mama yake hajakataa akaenda kituoni. Daktari angeandika nini wakati huo? Hata hivyo nawaambia, aliyechelewa na aende. Sheria yetu ya ushahidi inasema katika makosa haya korti yaweza kumhukumu mtu kwa neno la mtoto peke yake, mradi hakimu aridhike kwamba anasema kweli na aandike sababu zake. Nguo zimefuliwa, sawa. Kinywa hakijafuliwa.

Na hao mbuzi? Watu wakisukumana kilabuni, sheria yenyewe humruhusu hakimu kuhimiza upatanisho. Kunajisi na kuua si mambo ya mbuzi. Kesi hizo ni za Jamhuri, na tangu Katiba ya 2010 husimamiwa na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Baba wa mtoto hana ruhusa ya kuziuza.

Ukipiga ripoti, usitoke kituoni bila namba ya OB. Bila hiyo, kesho utaambiwa hukufika. Ukiwa umeumizwa, omba fomu ya P3. Polisi huitoa bure. Ipeleke kwa daktari kidonda kikiwa bado kibichi. Daktari ataandika kiwango cha madhara, na maneno hayo ni mazito: shambulio lenye madhara ya kawaida, kifungo hakizidi miaka 5, madhara makubwa, chaweza kuwa cha maisha. Ukikaa na P3 kwenye kabati mpaka kovu likauke, umemfaa aliyekupiga.

Mtu akifa kwa njia ya kutiliwa shaka, msikimbilie kuzika. Mwili ufanyiwe uchunguzi na daktari, na familia iulize ripoti. Mnakumbuka Julie Ward, yule Mwingereza aliyekufa Maasai Mara Septemba 1988? Mwanzoni ilisemwa ni wanyama wa porini. Daktari aliyeuchunguza mwili alikuwa ameandika kwamba ulikatwa kwa kitu chenye makali, na maneno yake yakabadilishwa. Baba yake hakunyamaza, na uchunguzi wa korti ukaona aliuawa. Lakini muda ulikuwa umepotea. Waliofikishwa kortini waliachiliwa, wawili mwaka 1992 na mmoja 1999, na mpaka leo hakuna aliyehukumiwa.

Vijana, hili ni lenu. Mkimkamata mwizi, mkabidhini kwa polisi akiwa mzima. Kumchoma ni mauaji, na aliyechomwa hawezi kusema nani alimtuma wala mali imefichwa wapi. Wala kumpiga ili akiri hakusaidii. Kukiri kwa mtu aliyepigwa korti hukutupa nje. Polisi nao wanapaswa kumfikisha kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya korti inayofuata, na ana haki ya kunyamaza. Mwanao akishikwa kwa kusingiziwa, utashukuru kwamba haki hizi zipo.

Ninaomba kila kikundi kinunue bahasha kubwa za khaki tano na kamba, viwekwe kwenye sanduku la kikundi. Namba ya simu ya kituo cha polisi na ya hospitali iandikwe nyuma ya kitabu cha michango. Mchague watu wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, watakaoitwa usiku wowote. Majina yao niyapate kabla hatujaondoka hapa leo. Haya, maswali. Tuanze na yule mama pale nyuma.