Kigae na Kioo: Ukarabati Uanzie Kwenye Chanzo

Kigae cha sakafu hakipasuki bila sababu. Kikiwa kimelala barabara juu ya saruji, hubeba kabati, friji na wageni wa sikukuu kwa miaka mingi bila kutikisika. Kinapopasuka, ama kimeangukiwa na kitu kizito, ama sakafu iliyo chini yake imesogea, ama fundi aliyekiweka aliacha uwazi. Kioo cha dirisha nacho ni hivyo hivyo. Kuna kioo kinachovunjwa na mpira wa watoto, na kuna kinachopasuka chenyewe kwa sababu fremu imekibana. Ndiyo maana kazi ya kukarabati vigae na madirisha huanza kwa kutafuta chanzo, kisha ndipo kipande hubadilishwa. Anayebadili kipande na kuacha chanzo, baada ya muda atarudi dukani kununua kingine.

Ufa wenyewe hutoa ushahidi. Nyufa zinazotawanyika kutoka sehemu moja iliyomeguka ni dalili ya pigo, kama vile la mtungi wa gesi au mchi ulioanguka. Ufa mmoja unaokata vigae vitatu au vinne kwa mstari huonyesha kwamba zege la chini limepasuka, na hapo kubadili vigae pekee ni kupoteza fedha. Vigae vilivyoinuka katikati ya chumba na kuegemeana navyo vina maelezo yake. Sakafu hutanuka na kusinyaa kwa joto na unyevu; fundi akivibana vigae hadi kwenye ukuta bila kuacha nafasi ya milimita 5 hadi 10 pembeni, vikitanuka havina pa kwenda ila juu. Nafasi hiyo haiharibu sura ya chumba, kwa kuwa hufunikwa na kigae cha chini ya ukuta.

Kipimo cha pili ni kugonga. Mpini wa mwiko au sarafu vinatosha. Kigae kilichoshika vizuri hutoa mlio mzito na mfupi. Kilicho na uwazi chini hulia kama debe tupu. Uwazi huo mara nyingi hutokana na mtindo wa kuweka mafungu matano ya saruji, manne kwenye pembe na moja katikati, badala ya kuitandaza yote. Kazi huenda haraka na saruji huokolewa, lakini mguu wa kitanda ukikanyaga mahali penye uwazi, kigae huvunjika. Vigae vinavyolia vitiwe alama ya chaki, kisha vihesabiwe. Vikiwa vichache, vibadilishwe kimoja kimoja. Vikiwa nusu ya chumba, kuvunja sakafu yote na kuitandika upya huwa nafuu kuliko kuita fundi kila baada ya miezi michache.

Kutoa kigae kimoja bila kuumiza majirani zake ni kazi ya subira. Kwanza huondolewa grauti, yaani saruji ya kujazia viungo, katika pande zote nne, kwa grinda au kwa kifaa cha mkono. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, ilhali ndiyo inayozuia mtikisiko wa nyundo usiende kwenye vigae vya jirani. Kisha kigae hupigwa katikati kwa tindo na nyundo, na vipande hutolewa kuanzia katikati kuelekea pembeni. Tindo haiegemezwi kwenye kigae cha jirani hata mara moja. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima, maana vipande vya vigae vigumu hukata sawa na wembe. Saruji ya zamani nayo huchongwa, hadi shimo liwe na kina cha unene wa kigae pamoja na milimita 3 hadi 5 za gundi. Isipochongwa vya kutosha, kigae kipya kitasimama juu ya vingine na kukwaza vidole vya miguu kila siku.

Aina ya kigae huamua kinavyobandikwa. Vigae vingi vya ukutani hunyonya maji kwa zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, na ndiyo sababu mafundi wanaotumia saruji huviloweka kwanza. Kigae cha poseleni hakinyonyi hata asilimia 0.5, hivyo saruji ya kawaida haipati pa kushika. Hicho huhitaji gundi ya vigae ya unga, inayouzwa kwenye mifuko na kukorogwa kwa maji. Gundi hutandazwa sakafuni kwa mwiko wenye meno na kupakwa nyembamba mgongoni mwa kigae. Kisha kigae hukandamizwa na kupigwapigwa kwa nyundo ya raba. Rula ndefu ya aluminiamu hulazwa juu ya kigae kipya na viwili vya pembeni: ikichezacheza, kigae kiko juu; mwanga ukipita chini yake, kimezama. Marekebisho hufanywa hapo hapo, gundi ikiwa bado mbichi. Baada ya saa 24 hivi hujazwa grauti, na mabaki hufutwa kwa sponji yenye unyevu kabla hayajakauka. Glavu zivaliwe, kwa sababu saruji mbichi huunguza ngozi.

Bafuni, adui ni maji. Grauti hupunguza maji lakini haiyazuii kabisa, na katika kona ambapo ukuta hukutana na sakafu hupasuka kwa sababu sehemu hizo husogea. Hapo huwekwa silikoni, ambayo huvutika bila kukatika. Vigae vya bafuni vikianguka, au rangi ya ukuta wa chumba cha pili ikibabuka, kabla ya kubandika chochote mabomba yapimwe: mifereji yote ifungwe, kisha mita ya maji itazamwe. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja. Tahadhari nyingine ni ya usafi. Asidi ya kusafishia choo hula grauti, na ikichanganywa na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe hutoa gesi ya sumu. Viwili hivyo havikutani ndani ya ndoo moja.

Madirisha hutofautiana kwa malighafi, na kila aina ina ugonjwa wake. Kwenye fremu ya mbao, kioo hushikwa kwa pati, yaani kinata laini cha kushikizia kioo, au kwa vijiti vya mbao. Pati ya zamani hukauka na kubanduka, maji ya mvua hupenya, na mbao huoza kuanzia chini. Kabla ya kuweka kioo kipya, pati yote ya zamani hukwanguliwa, mbao iliyooza hukatwa, na mfereji wa kioo hupakwa rangi ya mwanzo. Mbao kavu isiyopakwa rangi hunyonya mafuta ya pati na kuifanya ipasuke mapema.

Fremu za chuma huugua kutu, hasa Tanga, Mombasa, Unguja na miji mingine inayopulizwa na upepo wa bahari. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo fremu huvimba na kukibana kioo hadi kipasuke bila kuguswa. Kioo kipya kikiwekwa juu ya kutu ile ile, nacho kitapasuka. Dawa ni brashi ya waya, msasa na rangi ya kuzuia kutu, ndipo kioo kifuate.

Madirisha ya luva, yaliyo katika nyumba nyingi za zamani, shule na zahanati, husifiwa kwa kupitisha hewa. Kioo chake kikivunjika hubadilishwa kwa urahisi: mdomo wa kishikizo hunyooshwa taratibu, kipande cha zamani huvutwa, kipya huingizwa, mdomo hukunjwa tena. Urahisi huo huo humfaa mwizi aliye nje, na ndiyo sababu luva haiachwi bila nondo.

Dirisha la aluminiamu la kusukuma lina vijigurudumu chini yake. Vikilika, dirisha huwa zito, watu hulisukuma kwa nguvu na fremu hupinda. Mara nyingi tiba ni kubadili vijigurudumu na kusafisha reli. Kwenye reli kuna matundu madogo ya kutolea maji ya mvua. Yakizibwa na vumbi, maji humwagika chumbani na lawama huangukia silikoni isiyo na kosa. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, la sivyo hewa ya chumvi huziharibu na fremu hulegea.

Vipimo vya kioo huchukuliwa kwenye fremu yenyewe, juu, katikati na chini, kwa sababu fremu nyingi hazina pembe mraba. Kipimo kidogo ndicho kinachofuatwa, na kioo hukatwa pungufu kwa milimita 2 hadi 3 kila upande ili kipate pa kutanukia. Uzito nao uzingatiwe: kila milimita moja ya unene ina kilo 2.5 kwa mita moja ya mraba. Kioo cha milimita 6 chenye mita moja ya mraba ni kilo 15, na cha ukubwa huo hubebwa na watu wawili. Milangoni, bafuni na kwenye madirisha yanayoanzia sakafuni hufaa kioo kilichopashwa joto kali na kupozwa ghafla, ambacho kikivunjika huwa punje punje badala ya mapande makali. Hicho hakikatwi baada ya kutengenezwa. Huagizwa kwa kipimo kamili.

Jambo moja hupunguza gharama za baadaye kuliko mengine yote: akiba. Rangi ya vigae hubadilika kidogo toka awamu moja ya kiwanda hadi nyingine, viwe vimetoka Mkuranga, Chalinze, Kajiado au ng'ambo. Namba ya awamu huandikwa kwenye boksi. Boksi moja la ziada likihifadhiwa stoo, na namba hiyo ikiandikwa mahali, sakafu haitakuwa na viraka vya rangi mbili.

Kazi ikikamilika, ikaguliwe kabla fundi hajalipwa fedha za mwisho. Kila kigae kipya kigongwe, rula ipitishwe juu yake, na maji yamwagwe kwenye dirisha kwa nje huku mtu akitazama ndani. Kigae kikilia utupu au maji yakiingia, kazi irudiwe siku hiyo hiyo, fundi akiwa bado yuko hapo na vifaa vyake.