Baba, Shuka Kwenye Lori Ukae Chini

(Mazungumzo yaliyotolewa katika kipindi cha familia, siku ya pili ya maadhimisho ya ushirika wetu. Mzungumzaji ni shemasi na dereva wa masafa marefu kutoka Ngara, Tanzania.)

Nawasalimu ninyi mliotoka Kigali na Bujumbura, mliovuka kutoka Kampala na Bukavu, mliopanda basi usiku kucha kutoka Kisumu, na ninyi wenyeji wangu wa huku mpakani. Na wewe unayesoma gazeti hili nyumbani, kwa sababu nauli haikupatikana au mgonjwa hakuachika, salamu hizi ni zako pia.

Mchungaji aliponipigia simu kunipa kipindi hiki nilicheka. Nikamwambia, "Baba Mchungaji, mimi ni dereva. Nipe mada ya safari." Akasema, "Hapana, shemasi. Zungumza habari ya watoto. Najua ulikotoka." Basi wapendwa, nawaeleza nilikotoka.

Nimeendesha malori miaka 22. Kutoka Dar es Salaam mpaka Rusumo peke yake ni zaidi ya kilomita 1,200, na hapo bado hujavuka. Unavuka, unaendelea Kigali, safari nyingine unafika Goma. Ukirudi nyumbani umekaa nje wiki tatu, mwezi. Na mimi hata nikiwa nyumbani, siku ya kwanza nalala, siku ya pili niko kwenye mkesha, siku ya tatu kikao cha mashemasi, siku ya nne bosi anapiga simu, mzigo uko tayari. Nilijiona mtumishi mzuri sana.

Siku moja narudi, begi mkononi. Kijana wangu ana miaka sita, anacheza nje. Akaniona. Akakimbia. Nikafungua mikono nikijua anakuja kunipokea. Kumbe alikimbilia jikoni. Nikamsikia anasema, "Mama, yule mgeni amekuja."

Jamani. Mgeni.

Mke wangu alicheka ili kunifichia aibu, lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nimemletea gari la plastiki la betri, linalia na kuwaka taa. Akashukuru kama mtoto anayemshukuru mgeni. Jioni yake betri ziliisha, gari likakaa chini ya kitanda.

Safari iliyofuata giaboksi ya lori ilikufa, nikakaa nyumbani wiki tatu kusubiri spea. Siku ya tatu hivi natoka nje, namkuta chini ya mwembe na wenzake wawili. Wametengeneza lori la mabua ya mtama. Kichwa kipo, tela lipo, magurudumu wamekata kwenye ndala iliyochakaa. Shida yao ilikuwa moja: likinyooka linakwenda, likikata kona tela linaanguka. Akaniangalia. Kwa mara ya kwanza akaniuliza swali ambalo hakuna mwingine pale kijijini angeweza kulijibu vizuri kuliko mimi. "Lako linakataje kona?"

Nikakaa chini, suruali yangu ya kanisani hiyo hiyo. Nikamwambia, "Nyie mmefunga kichwa na tela kwa kamba sehemu mbili. La kweli linashikana sehemu moja tu, na hapo panazunguka." Tukachuma mwiba mrefu wa mgunga, tukautoboza katikati ya kichwa na tela, tukafungua zile kamba. Akavuta. Kona ya kwanza, tela likafuata. Kona ya pili, likafuata. Akapiga kelele: "Baba, ona!"

Nilikuwa nimetumia pesa nyingi kununua neno hilo. Nililipata kwa mwiba.

Sasa sikiliza, mzazi mwenzangu. Fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Pale Mungu anawaagiza wazazi kuwafundisha watoto Neno, na anataja na saa za kipindi: mkiwa mmekaa nyumbani, mkiwa mnatembea njiani, wakati wa kulala, wakati wa kuamka. Sisi tumeacha kazi hiyo yote kwa mwalimu wa shule ya Jumapili, saa moja kwa wiki. Nenda na Nehemia sura ya 8. Watu wamesikia torati inasomwa, wamelia. Kisha wanaambiwa nini? Waende mlimani wakalete matawi ya mizeituni, ya mihadasi, ya mitende, wajenge vibanda. Nao wakajenga, juu ya nyumba zao na uani, wakakaa humo siku saba kwa furaha kubwa. Hebu fikiria familia ile: baba anakata, mama anafunga, watoto wanaburuta matawi. Kile kibanda kilikuwa somo. Mtoto akilala usiku akaona nyota kupitia majani, atauliza tu kwa nini tumelala hapa. Hapo unamweleza habari za kutoka Misri.

Na mama yake Musa je? Kutoka sura ya 2. Alichukua mafunjo, akatengeneza kisafina, akakipaka lami. Siku anayotakiwa kumwokoa mtoto, mikono yake tayari inajua kazi. Na binti yake alikuwa karibu na mto, akiangalia.

Wapendwa, mafunjo hayo tunayo. Yamejaa kando ya Mto Kagera na kwenye mabonde ya Rwanda, Burundi na Uganda. Na kila nchi iliyokaa humu ndani ina utajiri wake. Ndugu zetu wa Rwanda wana agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, mpaka kimewekwa kwenye nembo ya nchi. Mama zetu wa Kenya wanasuka kiondo cha katani, anatembea huku anasuka. Kule Kasai, Congo, Wakuba wana kitambaa cha rafia: mwanaume anafuma, mwanamke anatarizi, kazi moja ya watu wawili. Na ninyi wa Uganda mna kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho utengenezaji wake UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu wote. Mnajua wale mafundi wanavyofanya? Wakishavua gome, hawauachi mti uchi. Wanauzungushia majani ya migomba usikauke, na gome linaota tena, wanavuna mwaka mwingine. Nilipoelezwa hilo nilijifunza namna ya kumkaripia mtoto. Ukishamvua, mfunike. Usimwache uchi mbele ya watu. Amina?

Utasema, "Shemasi, mimi sijui kusuka." Hata mimi sikujua. Anza na unachokijua.

Anza na mpira. Maganda makavu ya mgomba, unayakunja yawe bonge, unazungushia kamba za mgomba zilizoloweshwa kidogo, kila mzunguko unakaza. Ndugu wa Congo watasema batoto wao wanajua hiyo tangu zamani. Vizuri, basi waacheni batoto wawafundishe ninyi. Mtoto akimfundisha baba yake kitu, anarefuka siku hiyo.

Ukitaka kutumia ukindu au mafunjo, kumbuka jambo moja: usisuke yakiwa mabichi. Yakikauka yatasinyaa na mkeka utalegea, vidole vitapita. Pasua, anika juani siku mbili tatu, kisha siku ya kusuka yaloweshe kidogo yasikatike. Mtoto mdogo mpe kusuka nywele tatu, kama anavyosukwa dada yake. Ile mistari mirefu ya ukili na kushona mkeka itakuja baadaye, na hapo mtafute bibi, maana bibi anajua na hajaulizwa siku nyingi.

Ninyi wa mjini, mnaoishi ghorofani Nairobi ama Kampala, msiseme hamna shamba. Nenda sokoni jioni wanapofunga. Maganda ya mahindi yanatupwa bure, na yanatoa mwanasesere mzuri tu.

Lakini uwe na akili. Kisu mtoto anakata kuelekea nje, siyo kuelekea tumboni, na wewe uko hapo hapo. Uzio wa minyaa usiguswe kwa michezo, yale maziwa yake yakiingia jichoni ni hatari kubwa. Mbegu za nyonyo zinapendeza kutunga shanga, lakini ni sumu, zitupeni. Na msiingie kwenye maji yaliyotulia kutafuta mafunjo, kuna kichocho, na sisi wa Kagera tuna mamba na viboko. Kata yaliyo pembeni, mtu mzima atangulie.

Tuje kwenye udongo. Binti yangu alitaka chungu. Tulichimba udongo wa mfinyanzi, tukatoa mawe na mizizi, tukaukanda vizuri, tukachanganya na vigae vilivyotwangwa ili usipasuke. Akafinyanga chungu kidogo, kizuri, na mkono wake. Mimi dereva nina haraka, kesho yake nasafiri. Nikasema tukichome leo hii nikione. Mke wangu akasema, "Baba Neema, hakijakauka." Nikasema nje kimekauka. Tukawasha moto. Dakika chache tu, pwaa! Vipande. Maji yaliyobaki ndani ya udongo yanageuka mvuke, na mvuke hauna mlango, unapasua. Binti yangu hakulia. Aliokota vipande akaviweka kwenye sahani.

Nilisafiri na vile vipande moyoni mpaka Kigali. Nilijiuliza ni mara ngapi nimemweka mtoto kwenye moto kabla hajakauka. Nimemtaka aombe kama mtu mzima, akariri mistari mbele ya wageni, asimame madhabahuni kunipa mimi sifa. Chungu kinakaushwa kivulini, polepole, siku kadhaa, ndipo kinachomwa. Niliporudi tulifinyanga kingine. Kipo mpaka leo, tunawekea chumvi.

Sasa hili la mwisho, na nimepewa ruhusa na mwenyewe kulisema.

Mwaka jana yule kijana wa lori la mabua alikuwa na miaka 15. Tulikuwa uani tunafunga mikeka ya mafunjo kwa ajili ya kibanda cha watoto wa shule ya Jumapili, wanajifunza Nehemia. Yeye anashika mwisho huu, mimi mwisho ule. Kimya muda mrefu. Kisha akasema, macho kwenye kamba, "Baba, mtu akivusha mzigo wa watu usiku mtoni, ni dhambi hata kama mzigo siyo wake?"

Damu ilinipanda. Mto ule naujua. Usiku, mtumbwi, na mamba humo humo. Nilitaka kuruka nimshike shingo. Lakini mkononi nilikuwa na fundo nusu, na nikiliachia mkeka wote unafumuka. Nikalishika lile fundo. Naamini ni Roho Mtakatifu aliyenishika kwa kamba ile. Nikauliza, sauti ya chini, "Umevusha mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Wamekupa nini?"

"Elfu ishirini. Sijaitumia."

Tukamaliza mstari ule. Ndipo tukamwita mama yake. Kijana alilia, na mimi nililia. Kesho yake alikwenda kuirudisha pesa kwa aliyempa, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake. Likizo ile nzima alikaa kwa babu yake, mbali na mto. Siwezi kuwaambia kijana wangu sasa ni malaika. Wiki iliyopita tu tumegombana habari ya simu. Lakini aliniambia mimi. Angeweza kuniambia polisi, au mwili wake kando ya maji. Aliniambia mwenyewe, kwa mdomo wake.

Nimejiuliza kwa nini aliniambia siku ile. Nadhani ni hivi: ukimwita mtoto sebuleni ukamwambia, "Kaa hapo, una nini?", atasema hana kitu. Macho kwa macho na baba ni kama mahakama. Lakini mikono ikiwa na kazi, macho yako chini, mdomo unafunguka wenyewe. Na asingefungua siku ile kama hatukuwa tumeanza na mwiba wa mgunga miaka tisa nyuma.

Basi mpendwa, sikuombi kitu kikubwa. Jumamosi hii, saa mbili tu. Simu iache ndani. Toka nje na watoto wako, wa kuzaa na wa kulea. Mama unayelea peke yako, ni wewe pia. Bibi mwenye wajukuu watano, wewe una ujuzi kutuzidi wote. Mchungaji, wewe ndiye hasa, maana wanao wanakuona madhabahuni kuliko wanavyokuona nyumbani. Okoteni kilichopo, tengenezeni kitu. Kikiharibika, rudieni. Omba nao hapo hapo, maombi mafupi, mikono ina matope.

Bwana wetu mwenyewe kwao Nazareti alijulikana kwa kazi ya useremala. Alishika mbao kabla ya kushika mkutano.

Na atusaidie tusiwe wageni kwenye nyumba zetu. Bwana Yesu asifiwe.