Kijino cha Kuvuta Ganda
Msikilizaji mwenye bunduki ya kuwindia, kile kijino cha kwenye bolti kinachovuta ganda la risasi kikikatika, usikimbilie kubadilisha aina. Chukua Remington 700 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1962: kichwa cha bolti kina ukingo wa chuma unaozunguka kitako cha risasi pande zote. Wapo mafundi wanaouchonga ili waweke kijino cha mtindo wa bunduki za Sako. Kinavuta vizuri, sikatai. Lakini ganda likipasuka, gesi hupata upenyo palepale palipochongwa, na kijino chenyewe chaweza kukurukia usoni. Rudishia cha aina ileile. Kazi mpe fundi wa bunduki mwenye leseni, chemba ikiwa tupu, naye ajaribu kwa risasi bandia zisizo na baruti wala kiwashio.